Mbwa Aliyerudi na Nyayo Safi

Mimi ni mtu wa wivu. Sioni sababu ya kulificha hilo, maana mke wangu ameshalitangaza kwa ndugu wa pande zote mbili. Nilimwonea wivu kaka yangu kwa meno yake. Nilimwonea wivu mkwe wangu siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha, kwa sababu binti yetu alikufa kwa kicheko kwa vichekesho ambavyo mimi nilivisema kabla hajazaliwa na hakuna aliyecheka. Lakini hizo ni rasharasha tu. Mvua yenyewe ilininyeshea mwaka ule nilipokaa wiki nane na mguu kwenye plasta, mke wangu akatoka kila asubuhi kukimbia na mbwa wangu.

Nasema mbwa wangu, na nitarudia. Kazi yangu ni kushona viatu, na karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, ngazi mbili juu ya barabara. Miaka tisa iliyopita kijibwa kimoja cha kahawia kilipanda ngazi hizo bila kualikwa, kikalala kando ya kopo la gundi, na hakikubanduka tena. Jina likajipa lenyewe, Gundi. Mke wangu alisema wakati ule kwamba hataki mnyama ndani, na mimi nikamwambia huyu si mnyama, ni mteja. Kwa hiyo nani alimlea? Nani alimtoa kupe mmoja mmoja? Ndiyo maana nasema mbwa wangu.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijafungua, tulikuwa tunakimbia. Tunatoka mlangoni, tunafuata ukuta wa shule mpaka kona, tunapita kituo cha mafuta, tunazunguka tangi la maji na kurudi. Dakika arobaini. Wenzangu walikuwa wanaburutwa na mbwa wao kwa kamba, mimi sikuwa na kamba hata ya kuanikia nguo. Zamani Gundi alikuwa anatangulia mbali, ananisubiri mbele akinicheka kwa ulimi. Mwaka wa mwisho akabadilika. Akawa anakimbia ubavuni mwangu, nyuma kidogo ya goti, hapiti.

"Fundi, huyo mbwa zamani si alikuwa anakuacha?" aliniuliza kinyozi, ambaye duka lake limepakana na langu na ulimi wake haujapakana na kitu.

"Sasa ananiheshimu," nikamjibu. "Ameona mwenzake ana umri, anapunguza mwendo."

Nilimwambia kila mtu habari hiyo. Wateja waliokuja kubadilisha soli waliondoka na soli na hadithi ya mbwa mwenye adabu.

Kisha asubuhi moja, karibu na kituo cha mafuta, nikahisi nimepigwa jiwe nyuma ya kisigino. Niligeuka na tusi mdomoni, tayari kabisa, nikakuta hakuna mtu. Lilikuwa ni kano limekatika. Daktari alinifunga plasta mpaka chini ya goti, akanipa magongo na kuniambia wiki nane, na nisahau habari ya kukimbia mpaka aseme yeye.

"Sasa Gundi?" nikauliza nyumbani.

"Nitakwenda naye mimi," mke wangu akasema.

Nilicheka mpaka mguu ukauma. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Siku nzima yuko na watoto ishirini na wanne wanaomng'ang'ania sketi, akirudi nyumbani anataka kiti. Katika miaka ishirini na saba ya ndoa sijamwona akikimbia, hata mvua ikimkuta. Nikamtafutia raba nzuri ambazo mteja mmoja alizitelekeza karakana, nikazibandika soli mpya kwa mikono yangu, nikajua siku ya tatu zitarudi rafuni.

Hazikurudi. Siku ya tatu alikwenda, ya nne akaenda, na wiki ya pili nikaanza kutazama saa. Walikuwa wanatumia dakika hamsini. Halafu saa nzima. Halafu saa na robo, mtu ambaye anatakiwa kuwa kazini saa mbili! Anarudi ameloa jasho, anamfungulia Gundi mlango wa uani, anapita moja kwa moja bafuni, namsikia anajimwagia maji ya baridi mabegani na kuguna.

"Mmefika wapi leo?"

"Huko huko."

"Huko huko wapi?"

"Baba watoto, njia si ni yako? Unaijua."

Ndivyo alivyonijibu. Mimi ambaye hata nikienda kununua uzi nilikuwa naeleza nimepita barabara gani na nimemsalimia nani.

Na Gundi naye! Alfajiri alikuwa anaamka na kwenda kulala juu ya raba za mke wangu, pua ndani ya kiatu, akimsubiri. Mimi nikipita na magongo yangu anapiga mkia mara mbili sakafuni, kwa heshima tu, kama mtu anayemwitikia jirani. Mchana hakupanda tena karakana. Alikuwa analala chini barabarani, mbele ya ngazi, ananitazama. Nikimwita anainua masikio, anatikisa mkia, hanyanyuki. Ngazi mbili tu! Miaka tisa alilala miguuni pangu nikigonga misumari, leo ngazi mbili zimekuwa mlima. Niliona wazi kwamba amenikinai. Roho iliniuma hadi nikawa najigonga vidole.

"Shemeji siku hizi mabega yamemkaa vizuri," kinyozi akaniambia, akipangusa mashine yake. "Anafanya zoezi gani?"

"Anakimbia."

"Kukimbia hakujengi mabega, fundi."

"Wewe nyoa watu," nikamwambia. Lakini maneno yake yalibaki, na jioni nilimtazama mke wangu akisahihisha vidaftari vya watoto, nikaona kweli mabega yamemkaa vizuri. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili anajengea nani mabega?

Wiki ya nne ilinyesha usiku kucha. Asubuhi waliporudi, raba za mke wangu zilikuwa na tope mpaka kwenye kamba. Gundi akaingia, akakatiza sebule, akaenda kujilaza kwenye kirago chake. Nikatazama sakafu. Haikuwa na alama hata moja. Nilijikokota hadi alipo, nikamshika unyayo mmoja, nikaushika wa pili, zote nne. Kavu. Safi. Barabara nzima ni uji wa matope, mbwa ametoka kukimbia saa nzima na robo, na nyayo zake ni safi kuliko mikono yangu.

Mtu mwingine angemuuliza mkewe. Mwenye wivu haulizi, anachunguza. Mke wangu alipokwenda kazini nilizichukua zile raba, nikaketi kwenye kigoda changu, nikazigeuza.

Lazima nieleze kitu kuhusu kazi yangu. Watu hudhani fundi viatu anatazama kiatu. Fundi anatazama soli. Mtu anaweza kunidanganya kwa mdomo wake, kwa nguo zake na kwa gari alilokuja nalo, lakini akishaweka viatu juu ya meza namjua. Anayetembea kwa majivuno hula kisigino. Mwenye deni na watu hula ncha, maana anakwenda haraka. Askari wa lindo, wahudumu wa hotelini, wachungaji, wote nawajua bila kuona nyuso zao. Sijawahi kukosea, au tuseme hajawahi kurudi mtu kuniambia nimekosea.

Basi soli za mke wangu, nilizobandika mwenyewe mwezi mmoja uliopita, zilisema hivi. Ncha zilikuwa nzima. Mtu anayekimbia hula ncha, kwa hiyo huyu hakimbii. Kisigino cha kulia kilikuwa kimeguswa kidogo. Kisigino cha kushoto, upande wa nje, kilikuwa kimelika mpaka karibu na kitambaa, kwa mwezi mmoja! Maana yake uzito wote wa mwili unakaa mguu wa kushoto, na unakaa muda mrefu. Ni mtu aliyesimama. Na mtu husimama kwa mguu mmoja akiwa ameegemea kitu.

Nikaunganisha na nyayo za mbwa. Mbwa hatembei, amepakiwa. Amepakiwa kwenye nini? Gari. Mke wangu anaegemea nini? Mlango wa gari. Gari lina dereva.

Hivyo ndivyo nilivyompata yule bwana. Nilimtengeneza kuanzia kisigino kwenda juu, pale pale kwenye kigoda, msharasi wa kutobolea ngozi ukiwa mkononi. Kufika saa sita mchana alikuwa na kimo, na sauti nzito, na alikuwa anajua kusikiliza. Kufika saa tisa Gundi alikuwa amezoea kukaa kiti chake cha nyuma, kichwa dirishani, akila upepo. Sijui kipi kiliniuma zaidi, mlango au dirisha.

Kuanzia hapo kila mwanaume aliyeingia karakana nilimgeuzia kiatu kwanza. Madereva nawajua, kiatu chao cha kulia hulika nyuma ya kisigino kwa kukanyaga pedali. Akaja bwana mmoja mpole, kisigino cha kulia kimekwisha.

"Unaamka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Mimi?"

"Asubuhi. Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, fundi. Kwani vipi?"

"Unapenda mbwa?"

Akafikiri. "Si sana. Walishawahi kuning'ata."

"Wanajua wanachofanya," nikasema, nikamgongea kisigino kwa misumari mitatu badala ya sita. Maskini yule bwana alikuwa mwendesha gari la kubebea wagonjwa. Alirudi baada ya siku nne, kisigino mkononi, na bado alinisalimia vizuri.

Nyumbani sikuweza kujizuia. "Mbona mnachelewa hivi?"

"Umeanza kuniwekea saa?"

"Gundi hakuwa anachelewa hivi na mimi."

Mke wangu aligeuka. Akamtazama mbwa kwenye kirago. Kisha akasema taratibu, "Subiri upone. Utaona mwenyewe."

Utaona mwenyewe! Usiku huo sikupata usingizi. Kumbe mpango wenyewe una tarehe, na tarehe ni siku ya kukatwa plasta yangu. Atanisubiri nisimame kwa miguu miwili ndipo aniangushe. Nililala nikitazama dari na kupanga jinsi tutakavyogawana vitu, na kila nilipoanza nilikwama hapo hapo. Nyumba angechukua, cherehani yangu angebaki nayo akipenda, lakini Gundi? Tungemweka barabarani katikati yetu, kila mmoja aite. Nilijua angekwenda kwa nani.

Asubuhi moja ya wiki ya sita nilijifanya nimelala. Waliposhuka barabarani nilihesabu mpaka mia mbili, nikachukua magongo. Kutoka mlangoni petu hadi kona ya ukuta wa shule ni hatua mia mbili hivi kwa mtu mzima wa miguu. Mimi nilifika natweta, kwapa zinawaka moto. Kwenye kona kuna kibanda cha magazeti ambacho hufunguliwa saa mbili. Nikajibanza nyuma yake, nikaanza kujifunza hotuba yangu. Ilianza na "Habari za asubuhi, bwana," na baada ya hapo ilikuwa mbaya.

Nilisubiri gari. Yalipita matatu, hakuna lililosimama. Ndipo nikamwona mke wangu anakuja kwa miguu, polepole, kando ya barabara, peke yake.

Hakuwa peke yake. Alikuwa amembeba Gundi.

Alimpakata nyongani, upande wa kushoto, mkono mmoja chini ya mapaja, mwingine mgongoni. Miguu ya mbele ya mbwa ilikuwa juu ya bega lake, na uso wake ameuzika shingoni mwa mke wangu, amefumba macho. Gundi si mbwa wa kubebwa. Ni nusu gunia la unga. Kila baada ya hatua kadhaa mke wangu alisimama, akampandisha kwa nyonga, akavuta pumzi, akaendelea.

Watu wakisimulia mambo kama haya husema waliingiwa na huruma. Mimi nitasema kweli. Kitu cha kwanza kilichonishika kilikuwa wivu ule ule, tena umezidi. Maana bwana wa gari ningemtukana. Huyu nimtukane vipi? Miaka tisa Gundi hajakubali nimnyanyue. Nilijaribu mara moja tu, nimwogeshe, akanionyesha jino. Na sasa amelala begani kwa mtu.

Cha pili kilikuwa aibu ya kazi. Kisigino cha kushoto, upande wa nje! Kila mama mwenye mtoto mchanga aliyewahi kunipa kiatu, kisigino kilicholika ni hicho hicho. Nimewabadilishia mamia. Nakifahamu kisigino hicho kuliko uso wangu, na kilipokuja mikononi mwangu nilikisoma gari.

Alipofika kwenye kona, hatua chache kutoka nilipojificha, mke wangu alisimama. Akainama taratibu, akamweka Gundi chini, akamshika viuno mpaka miguu ya nyuma ikakubali kusimama. Gundi akajikung'uta masikio. Kisha akainua pua, akanipata.

Alikuja mbio. Sitasahau mbio zile. Mbele alikuwa mbwa ninayemjua, kifua nje, ulimi nje, na nyuma miguu ilikuwa inapishana na kuteleza kana kwamba ni ya mbwa mwingine aliyelewa. Akafika kwenye magongo yangu, akazunguka mara moja, akakaa ubavuni mwangu, nyuma kidogo ya goti.

Mke wangu alinitazama mimi na kibanda, akaelewa nimekuja kufanya nini. Akajifuta jasho shingoni.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Kabla hujaumia."

"Kabla? Kabla nilikuwa nakimbia naye mimi!"

"Ulikuwa unaniambia anakuheshimu," mke wangu akasema. "Kila siku. Ulikuwa unamwambia kinyozi, unawaambia wateja. Ningekwambiaje, mume wangu?"

Nilitazama chini. Gundi alikuwa anahema, ananitazama kwa furaha yake yote.

"Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo ulipofungwa plasta," akaendelea. "Nyonga zimekwisha. Amempa dawa ya maumivu, lakini kurudi hazirudi. Nilijaribu kumwacha nyumbani, akalia mlangoni mpaka nikarudi. Kwa hiyo tunakwenda. Anajitahidi mpaka kituo cha mafuta, basi. Anakaa chini, ananitazama. Namsubiri apumzike, halafu namgeuza namrudisha."

"Sasa mbona humfikishi nyumbani? Kwa nini unamshusha hapa?"

"Simshushi mimi. Anajitupa mwenyewe, isipokuwa siku ile ya mvua dirisha lilipokuwa limefungwa, nikambeba kwenda na kurudi." Akaonyesha kwa kidevu ule mstari wa barabara, na mwisho wake dirisha letu. "Kuanzia hapa unaweza kutuona. Hataki umwone amebebwa."

Nilitaka kumuuliza kama ana hakika, mbwa anajuaje mambo ya dirisha, lakini Gundi alikuwa ameshaanza kutembea, anageuka kuniangalia kama nafuata. Nikafuata. Tulikwenda hatua kumi, kumi na mbili, lakini mbio zile zilikuwa zimemmaliza. Miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka, makalio yakashuka, akakaa katikati ya njia. Akanitazama. Nikaona anajikusanya, anainuka tena, anapiga hatua nne, anakaa.

"Mbebe," nikamwambia mke wangu.

"Hatakubali. Tazama." Aliinama kumshika, na Gundi akajikaza mwili mzima, akajiburuta pembeni, macho kwangu.

Magongo mawili, mguu mmoja. Hata angekubali, nisingeweza.

Basi nikageuka. Nikawapa mgongo, nikaukabili ukuta wa shule. Palikuwa na tangazo limebandikwa pale, mtu amepoteza cheti chake cha kuzaliwa, atakayekiokota atoe taarifa. Nikalisoma kwa sauti kubwa, neno kwa neno, mpaka namba ya simu, kama mtu ambaye hana habari na kitu kingine chochote duniani. Nikalirudia. Mara ya tatu nikasikia nyuma yangu mke wangu anavuta pumzi ya mtu anayenyanyua mzigo, na kucha za mbwa hazikukwaruza ardhi.

Aliponipita niliinamisha kichwa haraka, maana uso wa Gundi ulikuwa juu ya bega lake, umegeukia kwangu. Nikawafuata hivyo hivyo, gongo, mguu, gongo, mguu, macho chini. Hatua zote zilizobaki sikuinua uso hata mara moja, na hatua zote hizo nilimwonea mke wangu wivu.